Mbwa, Mwamuzi na Adabu ya Uga

Katika mambo ambayo wanadamu huyafanya kwa bidii kubwa, yako mengine ambayo jirani zao huyatazama kwa kicheko. Maonyesho ya mbwa ni mojawapo. Kwetu sisi wengi, mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji. Hulala nje, hula makombo, na jina lake tumelifanya tusi. Wako pia ndugu zetu ambao dini yao huwaelekeza wajihadhari na mate yake, nao wastahili kuheshimiwa katika jambo hilo. Basi mtu akisikia kwamba wako watu huwaosha mbwa wao kwa sabuni, huwachana manyoya kwa chanuo, huwasafirisha mwendo wa siku nzima, kisha huwapitisha mbele ya mwamuzi ili wapate utepe, si ajabu akacheka.

Nakuomba, msomaji, ukicheka ucheke kidogo, kisha unisikilize. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Kila muhula kazi yangu ni kuwapima vijana na kuwapanga: huyu wa kwanza, huyu wa ishirini, huyu wa mwisho. Nawe, ikiwa u mwanafunzi, kazi yako ni kupimwa. Sote wawili twaishi chini ya swali moja: binadamu mwenye macho mawili tu, mwenye watu anaowapenda na watu asiowapenda, aweza kwa njia gani kutoa hukumu ambayo hata aliyeshindwa ataiona kuwa ya haki? Swali hili nilikuta limefikiriwa kwa uangalifu mkubwa katika kanuni za maonyesho ya mbwa. Nilizijua kanuni hizo nilipokuwa katika chuo cha ualimu, kwa sababu mkufunzi wetu mmoja alifuga mbwa, naye alikuwa akiniita siku za Jumamosi nimsaidie kuwashika na kuwatembeza. Malipo yangu yalikuwa chai, mkate, na maelezo marefu.

Yafaa tuanze na mwanzo wa jambo lenyewe. Maonyesho ya mbwa ya kwanza yanayokumbukwa katika historia ya mchezo huu yalifanyika Newcastle, Uingereza, mwezi wa Juni mwaka 1859. Mbwa walioletwa walikuwa 60, wote wa kuwindia ndege, wa aina mbili: pointa na seta. Zawadi ilikuwa bunduki. Ikatokea kwamba pointa aliyeshinda alikuwa mali ya mmoja wa waamuzi wa seta, na seta aliyeshinda alikuwa mali ya mmoja wa waamuzi wa pointa. Sisemi kwamba mabwana hao walidanganya. Huenda mbwa wao walikuwa wazuri kweli. Lakini wahenga wetu walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mtazamaji aliyerudi nyumbani siku ile bila bunduki alikuwa na ruhusa ya kuikumbuka methali kama hiyo kwa lugha yake. Haki ikitendwa mahali ambapo yaweza kutiliwa shaka, nusu ya faida yake imepotea.

Kwa ajili ya mambo ya namna hiyo zilitakiwa kanuni. Mwaka 1873 iliundwa Kennel Club mjini London, na mwaka 1884 ikafuata American Kennel Club huko Marekani. Vyama hivi viliandika daftari za nasaba za mbwa, vikaweka sheria za maonyesho, na vikaamua ni nani aitwe bingwa na kwa sababu gani. Hapa Kenya tunacho chama cha East Africa Kennel Club, ambacho huandaa maonyesho yake mjini Nairobi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwamuzi hatakiwi kusema ni mbwa yupi anayempendeza. Kila aina ya mbwa ina kigezo chake kilichoandikwa: kimo chake, umbo la kichwa, mkao wa masikio, rangi ya manyoya, mkia, meno, mwendo, na hata tabia. Mwamuzi humlinganisha kila mbwa na kigezo hicho, kisha huwapanga kufuatana na kadiri kila mmoja alivyokikaribia. Ndiyo sababu mbwa mdogo anayelala mapajani aweza kumshinda mbwa mkubwa wa kuwinda nyati pale aina zote zinapokutana. Mwamuzi haulizi ni yupi mwenye nguvu kuliko mwenziwe. Huuliza ni yupi aliye timilifu zaidi katika jinsi yake mwenyewe. Nimetamani mara nyingi wazazi walio na watoto wawili shuleni wangalijifunza kuuliza hivyo.

Sasa nitakueleza hesabu ya alama, nami nitaanza na Marekani kwa sababu huko ndiko hesabu yenyewe ilikofanywa kwa tarakimu. Ili mbwa aitwe bingwa, imempasa kukusanya alama 15. Katika onyesho moja aweza kupata alama 1 mpaka 5, wala hazizidi. Madume hushindana wao kwa wao na majike wao kwa wao, katika madaraja mbalimbali: watoto, wanaoanza, waliozalishwa na mwenye kuwaonyesha, na daraja lililo wazi kwa wote. Washindi wa madaraja hukutana, na katika kila jinsia hutoka mshindi mmoja tu. Huyo peke yake ndiye apataye alama. Wa pili wake huwekwa kuwa wa akiba, ili ikibainika baadaye kwamba mshindi hakustahili kushiriki, alama zisipotee bure.

Je, ni alama ngapi? Hutegemea idadi ya mbwa waliokuwapo wakashindwa. Tuseme wewe na mbwa wako mmekwenda kwenye onyesho mkakuta washindani wawili tu. Ukiwashinda, huenda ukapata alama 1. Ukienda mahali pengine ukashinda kundi kubwa la mbwa wa aina hiyo na jinsia hiyo, waweza kupata 3, au 4, au 5. Jedwali la hesabu hiyo hubadilika kufuatana na aina ya mbwa na sehemu ya nchi, kwa kuwa aina iliyoenea kila kijiji haiwezi kupimwa sawasawa na aina iliyo adimu. Ushindi wa alama 3 au zaidi huitwa ushindi mkubwa.

Hapo ndipo ilipo busara ya sheria hii. Alama 15 peke yake hazitoshi. Ni lazima ndani yake uwemo ushindi mkubwa mara mbili, chini ya waamuzi wawili mbalimbali. Na tena ni lazima alama nyingine itoke kwa mwamuzi wa tatu asiyekuwa mmoja wa hao. Mbwa aliyepata alama 1 mara 30, akizunguka vijiji ambavyo hana mpinzani, bado si bingwa. Mbwa aliyependwa mno na mwamuzi mmoja, akapewa naye alama 5 kila wanapokutana, bado si bingwa. Lakini mbwa aliyeshinda makundi makubwa mara tatu tu, kwa alama 5 kila mara na mbele ya macho matatu yasiyohusiana, ameukamilisha ubingwa wake.

Uingereza walishika njia nyingine. Huko hawahesabu alama, hutoa vyeti. Katika onyesho kubwa lililoruhusiwa, mwamuzi hutoa cheti kimoja kwa dume bora wa aina na kingine kwa jike bora. Mbwa apataye vyeti 3 kutoka kwa waamuzi 3 mbalimbali, na angalau kimoja awe amekipata baada ya kutimiza miezi 12, ndiye bingwa. Kwa desturi ya Marekani, bingwa huondoka katika madaraja yale ya kugombea alama, akawaachia wadogo nafasi. Kwa desturi ya Uingereza, bingwa huweza kurudi na kukigombea cheti kile kile, hivyo kijana anayetaka jina la ubingwa imempasa kuwapiku na mabingwa wenyewe. Njia ya kwanza ina huruma zaidi, na ya pili ina ukali zaidi. Wafugaji wamebishana juu yake miaka mingi, nami sitajitia kati.

Liko jambo moja la Uingereza ambalo halina budi kutajwa. Mwamuzi anapotia sahihi cheti, hushuhudia kwamba mbwa huyo ana sifa kubwa za kumstahilisha jina la bingwa. Akiona kwamba waliokuja wote ni dhaifu, aweza kukizuia cheti, asimpe hata yule wa kwanza. Tafakari hilo, msomaji. Kuwa wa kwanza si lazima kuwe ni kuwa mzuri. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wa kwanza katika darasa lililolala, wakajiona wamefika. Nimewaona pia wa kumi na tano katika darasa lililo macho, wakajidharau bila sababu. Zile alama za Marekani zinazopanda kwa wingi wa walioshindwa, na cheti hiki cha Uingereza kinachoweza kuzuiwa, vyote viwili vyasema neno moja: uliza kwanza ulishinda nini.

Baada ya hesabu huja adabu. Ugani, yaani katika uwanja mdogo uliozungushiwa kamba, adabu haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kila kipengele chake kinalinda haki ya mtu fulani. Mwongozaji hufika kabla ya kuitwa, maana kuchelewa ni kula saa ya wengine. Huvaa namba tu, begani au kifuani, bila jina, ili mwamuzi amtazame mbwa asitazame ukoo wa mwenye mbwa. Humweka mbwa upande wa kushoto na kuzunguka uga kinyume cha mwendo wa saa, mbwa akiwa upande wa ndani, mwamuzi amwone bila kizuizi. Hapiti kati ya mwamuzi na mbwa wa mwingine. Hamsukumi wala kumkaribia mno mbwa aliye mbele yake, kwa sababu mbwa akitishwa huharibu mwendo. Akidondosha kipande cha nyama alichokitumia kumwamsha mbwa wake, hukiokota, kisije kikamshawishi mbwa wa jirani.

Mwamuzi naye huwakagua mmoja mmoja. Hutazama meno, hugusa mabega na mbavu, hushika manyoya, na dume hukaguliwa kama viungo vyake vya uzazi vimekamilika. Mbwa mdogo huwekwa juu ya meza. Kisha huambiwa aende moja kwa moja na kurudi, au azunguke pembetatu, mwendo wake uonekane kwa nyuma, kwa ubavu na kwa mbele. Muda wote huo mwongozaji hasemi neno ila ameulizwa, na aghalabu huulizwa umri wa mbwa basi. Kumtajia mwamuzi jina la mbwa, au nasaba yake, au vikombe alivyovipata mwezi uliopita, ni utovu wa adabu ulio mkubwa, maana ni kujaribu kuyafanya masikio yake yafanye kazi ya macho yake. Na jamaa walio nje ya kamba hawana ruhusa ya kupiga mluzi au kumwita mbwa wao ili asimame vizuri.

Adabu iliyo ngumu kuliko zote hufika mwisho, mwamuzi anaponyosha kidole. Katika onyesho moja la Nairobi nilimwona kijana wa miaka kama kumi na mitano, ana mbwa mchungaji wa Kijerumani aliyemfundisha mwenyewe. Walibaki wawili: yeye na mama mmoja wa makamo. Mwamuzi aliwatazama kwa muda mrefu, akawakimbiza mara ya pili, kisha akamnyoshea kidole yule mama. Kijana akakaza midomo. Akaikunja kamba yake mkononi, akavuka mbele ya watu wote, akampa mama mkono.

“Hongera, mama.”

“Asante sana, mwanangu. Mbwa wako ana mwendo mzuri. Usimwache.”

Kijana akapokea utepe wake wa pili, akamshukuru mwamuzi, akatoka kwa mwendo ule ule aliokuwa nao alipoingia. Nje ya kamba mjomba wake alikuwa akimngoja kwa ghadhabu, akisema kwa sauti kwamba mwamuzi alikuwa na upendeleo. Yule kijana akamjibu kwa upole, “Huenda, mjomba. Lakini kesho kuna mwamuzi mwingine.”

Maneno hayo nimeyatumia darasani mara nyingi kuliko maneno ya vitabu vingi. Kijana yule hakusema kwamba mwamuzi hakosei. Alijua kwamba hukumu ya siku moja ni hukumu ya jicho moja, na kwamba sheria iliyotaka macho matatu iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nayo methali hiyo hueleweka vyema zaidi pale ambapo mshindani ana kesho ya kuingoja. Mtu aliyefungiwa kila mlango baada ya hukumu moja, kumwambia awe mpole ni kumwongezea uchungu. Kwa hiyo wajibu una pande mbili: aliyehukumiwa awe na adabu, na wenye kuhukumu wasiifanye saa moja kuwa mizani ya maisha yote.

Wala usidhani, msomaji, kwamba nakusifia mchezo huu kana kwamba hauna doa. Unalo, na ni kubwa. Kigezo chenyewe kinaweza kuwa kibaya. Kwa miaka mingi vigezo vya aina fulani vilifuatwa kwa namna ya kuwaharibu mbwa: pua zikafupishwa mpaka mbwa akahema kwa taabu, ngozi ikakunjamana mpaka macho yakauma. Waamuzi waliokuwa waaminifu kabisa, wenye kufuata maandishi na desturi, waliwapa tepe wanyama waliokuwa wakiteseka mbele yao. Mwaka 2008 filamu ya habari iliyoonyeshwa na BBC iliyafichua mambo hayo, na kuanzia mwaka 2009 shirika hilo likaacha kuonyesha maonyesho makubwa ya Crufts. Kennel Club ikavirekebisha vigezo. Mwaka 2012 iliamriwa kwamba mbwa washindi wa aina 15 zilizojulikana kuwa na taabu za afya wakaguliwe na daktari wa mifugo kabla ya kuendelea. Na katika Crufts ya mwaka huo 6 kati ya 15 walikataliwa. Walishuka kwenye ngazi ambayo mwamuzi alikuwa amekwisha kuwapandisha.

Jambo hilo lilinifikirisha kama mwalimu. Twaweza kusahihisha mitihani bila upendeleo hata kidogo, tukaficha majina, tukaweka wasahihishaji watatu, na bado tukawadhulumu watoto ikiwa kile tunachokipima hakifai kupimwa. Uadilifu wa mwamuzi ni mlango wa pili wa haki. Mlango wa kwanza ni wema wa kipimo.

Na kipimo kikiwa chema hufanya jambo la ajabu: humtoa aliyedharauliwa katika jina alilopewa. Huko Kongo wako mbwa wadogo wa kuwinda, kimo chao kama sentimita 43, mkia umejikunja juu ya kiuno, paji la uso lina makunyanzi kama la mzee anayewaza, na hawabweki kama mbwa wengine. Kwa kuwa hawabweki, wawindaji huwafunga njuga za mti shingoni ili wasipotee msituni. Wazungu waliwaita basenji, neno la lugha za Kongo lililo ndugu wa neno letu ‘shenzi’. Wewe na mimi tumelisikia likitamkwa kila siku: mbwa shenzi, yaani mbwa asiye na thamani. Mwaka 1895 wawili wao walipelekwa kuonyeshwa Uingereza, wakafa kwa maradhi. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa Crufts, na watu wakasongamana kuwatazama. Kisha wakaandikiwa kigezo chao wenyewe, wakaacha kupimwa kwa umbo la mbwa wa Ulaya, wakapimwa kwa umbo lao. Mwaka 2001, katika Crufts hiyo hiyo, mbele ya maelfu ya mbwa wa kila aina, aliyetangazwa kuwa bora wa maonyesho yote alikuwa basenji.

Mbwa yule hakujua kwamba jina la aina yake lilikuwa tusi, wala hakujua kwamba ameshinda. Lakini sisi twajua, na kujua kunatuwekea deni. Siku moja, ewe kijana, nawe utapewa kalamu ya mwamuzi: utakuwa mwalimu, au hakimu, au mkubwa wa ofisi, au mzazi tu mwenye watoto wawili. Siku hiyo ichunguze kwanza mizani yako kabla ya kuitumia. Usikae kuhukumu kilicho chako. Uliza aliyeshinda alimshinda nani, na aliyeshindwa alishindwa na nani. Yaite na macho mengine yaone unachokiona. Na mpaka siku hiyo ifike, maadamu ungali upande wa wanaopimwa, ingia ugani kwa wakati, usimzibe mwenzio, mpe mkono aliyekupita, na ukatoke nje ukijiandaa kwa kesho.